Nililipia kiti cha mwanangu, nikaambiwa nimpakate

Nyota moja, na hiyo yenyewe nimeitoa kwa kuwa sifuri haikubaliki.

Juzijuzi nilisafiri na mwanangu ambaye hajatimiza miaka miwili. Umri huo mashirika ya ndege yanaruhusu apakatwe, mara nyingi kwa nauli ndogo au bila nauli kabisa. Mimi nilimkatia tiketi yake, kwa jina lake, kiti kizima. Kisha nikabeba kiti chake cha gari kutoka kaunta hadi ndani ya ndege: mtoto mkono huu, kiti mkono ule, mkoba shingoni. Sitaki pole kwa hilo, mzigo niliuchagua mwenyewe. Nilichotaka ni mimi nikae nilipolipia na yeye akae nilipomlipia.

Haki isemwe: kaunta hawakuwa na neno. Mlangoni nako walitupitisha mapema ili nipate nafasi ya kukifunga, na nyie wenye watoto wadogo mkipewa nafasi hiyo msiikatae kwa aibu. Ndege haina zile ndoano za chuma ambazo kiti hunasia ndani ya gari. Kuna mkanda wa kiunoni, basi. Unaupitisha palepale ungepitisha mkanda wa gari, unakandamiza kiti kwa goti, unavuta mpaka vidole viume, huku ukiomba kifungo kisiishie mahali ambapo mkono hautafika siku ya kukifungua. Nilikifunga dirishani, inavyotakiwa, kisimzuie mtu kutoka. Nikakitikisa, hakikutikisika. Mtoto akakaa ameelekea nyuma, akaanza kutafuna soksi yake, nami nikashusha pumzi.

Akaja abiria wa mbele yetu. Hata mkanda hajafunga, akasukuma mgongo wa kiti chake ulale. Haukulala, maana ganda la kiti cha mtoto lilikuwa limeukinga. Akasukuma tena. Akageuka, akachungulia, akabonyeza kitufe cha kuita mhudumu. Hapa naomba msikilize vizuri: ndege ilikuwa imesimama, milango wazi, watu bado wanapandisha mabegi. Wakati wa kupaa kila mgongo wa kiti unatakiwa usimame wima, hilo linatangazwa kila safari. Kwa hiyo bwana yule alikuwa anadai kitu ambacho dakika ile asingekipata hata kama nyuma yake pangekuwa patupu.

Mhudumu akafika. Salamu hakuna. Akanitazama kana kwamba nimepanda na mbuzi.

"Mama, hiki hakiruhusiwi."

Nikamwonyesha kibandiko ubavuni mwa kiti. Safari ilikuwa ya shirika la Marekani, kwa hiyo kanuni ni za FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, na viti vilivyokubaliwa huko vina maneno mekundu yanayosema wazi kwamba vimethibitishwa kutumika kwenye magari na kwenye ndege. Magari NA ndege. Maandishi mekundu, hayahitaji miwani.

Akasoma. Niliona macho yakipita juu ya maneno. Akasema, "Hayo ni ya magari."

Dada, soma mpaka mwisho wa mstari! Sikusema hivyo kwa sauti. Nilisema kwa upole kuliko alivyostahili kwamba na ndege imetajwa. Akahamia kwingine: basi nikigeuze kitazame mbele, mwenzangu apate kulaza kiti. Nikamwambia mwenye kukitengeneza ameandika uzito ambao mtoto lazima aufikishe kabla ya kuelekezwa mbele, na wangu hajaufikisha, na FAA wenyewe wanasema fuata maelekezo ya mtengenezaji. Hapo ndipo akatoa lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka shingo inapata moto:

"Basi kitashuka na mizigo, wewe umpakate. Wenzako wote wanapakata."

Wenzangu wote. Siwalaumu hao wenzangu, nauli ni nauli, na si kila mtu anaweza kulipia kiti cha pili. Lakini kumpakata mtoto maana yake ni nini? Ni kwamba mikono yako ndiyo mkanda wake. Ule mkanda mdogo wa nyongeza ambao huko Ulaya hugawiwa, unaopita kwenye mkanda wa mzazi na kumzunguka mtoto, kwenye mashirika ya Marekani haukubaliki wakati wa kupaa na kutua. Kwa hiyo kompyuta yangu iwekwe chini ya kiti, mkoba wangu ufungiwe juu, birika la kahawa lifungiwe kabatini huko jikoni kwao, na kiumbe pekee cha kushikwa kwa mikono mitupu kiwe mwanangu, ambaye nimemlipia nauli sawa na ya huyo bwana wa kulaza kiti.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba lilitoka kinywani mwa mhudumu. Julai 1989, ndege ya United nambari 232 iliharibika angani na kuanguka ikijaribu kutua Sioux City, jimbo la Iowa. Ndani walikuwamo watoto wanne wa kupakatwa. Maelekezo ya siku hizo yalikuwa mtoto wa aina hiyo alazwe sakafuni, mzazi amshike. Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, akawaambia wazazi wafanye hivyo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mtoto mmoja kati ya wanne alikufa. Jan Brown akatumia miaka mingi iliyofuata akizunguka na kudai kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. NTSB, bodi yao inayochunguza ajali, nayo ikapendekeza mwaka 1990 iwe lazima. FAA hawakukubali: hoja yao ni kwamba wazazi wakilazimishwa kulipia kiti, baadhi wataamua kwenda kwa gari, na barabarani hufa watu wengi kuliko angani. Hoja ina akili, sikatai. Lakini FAA haohao wanawahimiza wazazi watumie kiti cha mtoto, na kanuni yao 121.311 inasema shirika halina ruhusa ya kumkataza mtoto mwenye tiketi kukaa kwenye kiti kilichokubaliwa, mzazi akitaka.

Kanuni hiyo nilikuwa nayo, nimeichapa kwenye karatasi. Nikaitoa. Akaikataa kwa kiganja, hakuigusa! Akasema, "Mimi nipo kazini, sina muda wa kusoma."

Foleni nyuma yake imesimama. Watu wananitazama mimi, si yeye. Mtoto anaanza kulia kwa sababu ananiona uso. Bwana wa mbele anatikisa kichwa kama mtu aliyeonewa. Nikasema sitatoa kitu, aitwe mkubwa wake.

Mkubwa akaja. Mwanamume wa makamo, mtulivu. Akanisalimia, akamsalimia na mtoto. Akainama, akasoma kibandiko, akasoma mpaka mwisho, akajaribu kukivuta kiti, akatazama tuko safu gani, kwamba hatupo kwenye mlango wa dharura. Akasema, "Kipo sawa, mama." Akamgeukia bwana wa mbele, akampa safu nyingine. Hata dakika mbili hazikufika. Huyo nampa nyota tano, na hapa nikaanza kujiuliza kama nyota moja si uonevu. Weka tatu basi.

Maana safari yenyewe ilikuwa nzuri! Mwanangu anakijua kiti chake. Ndege ilipoanza kukimbia alinitazama, akatazama dirisha, akalala kabla hatujafika juu ya mawingu. Hewa ilipochafuka katikati ya njia na taa za mikanda zikawaka, akina mama wawili upande wa pili walikuwa wamewakumbatia watoto wao mpaka viganja vimebadilika rangi. Wangu hakuamka. Nilikunywa kinywaji kikiwa bado cha moto, jambo ambalo nyumbani sijalifanya tangu azaliwe. Kama unajiuliza ubebe kiti au usibebe, beba. Utachoka, utagonga watu magoti, beba.

Tatu, nilikuwa nimefika tatu. Halafu wakati wa kushuka yule mhudumu wa kwanza amesimama mlangoni na tabasamu la kuaga. Nikadhani atasema neno. Akamtazama mtoto, akaniambia, "Umeona? Alitulia tu, wala hakikuwa na haja."

Hakikuwa na haja!

Nikarudi kwenye moja. Nikawaandikia shirika barua ndefu, kwa adabu, bila kumtaja mtu kwa uso wala kwa umbo, nikiuliza kitu kimoja: je, wahudumu wenu wanafundishwa kibandiko kile kinasemaje, au abiria atakuwa anabahatisha nani yuko zamu? Jibu limekuja. Wanasikitika kwa usumbufu, wananishukuru kwa kuwachagua, wameniongezea pointi za safari ambazo lazima zitumike kabla hazijaisha muda. Swali langu halijaguswa. Na juu kabisa ya barua, pale panapoandikwa aina ya lalamiko, wameandika: mzigo uliozidi ukubwa.

Nitawapanda tena, njia hiyo ndio pekee wanaokwenda moja kwa moja. Nyota ibaki moja.