Kununua kitenge Kigoma: tazama uzi kwanza, jina baadaye

Zamani mama zetu walinunua kitenge kwa namna nyepesi: wanageuza ukingo, wanasoma jina, wanalipa. Jina lilitosha. Kitenge kilichovuka ziwa kutoka Kalemie au Uvira kilivaliwa na mama, kikabebea watoto, kikaishia kwa binti kikiwa bado na rangi yake. Leo jina lilelile limechapwa kwenye kitambaa kinachochuja kwenye beseni la kwanza. Linaniuma, kwa sababu Kigoma kitenge ndiyo nguo ya harusi, ya msiba, ya kumtolea mtoto nje na ya kwenda kanisani, na anayekinunua mara nyingi ni mtu aliyeweka akiba kwa ajili yake.

Mambo mawili yameharibu soko hili. La kwanza ni bei ya pamba. Machi 2011 pamba ilipita dola 2 kwa ratili katika soko la dunia, na viwanda vingi vikaona afadhali poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Pamba ilishuka bei baadaye, lakini poliesta haikuondoka. La pili ni uigaji. Vlisco, kiwanda cha Helmond, Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1846, ambacho kitenge chake ndicho tunachokiita Holland, kimenakiliwa michoro, ukingo na hata lebo kwa miaka mingi. Siku hizi hata Hitarget, chapa ya China iliyojijengea jina kwa wax (kitenge cha kuchapwa kwa utomvu) ya bei nafuu, nayo ina feki zake.

Na wakati mwingine jina ni halali kabisa, ila mikono imebadilika. Wax ya ABC ilisifika ikichapwa Hyde, karibu na Manchester, kisha uchapaji ukahamishiwa Akosombo, Ghana. Ghana wanajua kuchapa, sina neno nao. Ninachosema ni kwamba jina peke yake halikwambii kitambaa kimetoka wapi wala kimefumwa kwa nyuzi gani.

Nimevipanga vitambaa hapa, cha kwanza ndicho bora kununua, kwa kumfikiria mtu anayetaka nguo ya kuvaa miaka, si ya picha ya siku moja.

1. Wax ya pamba tupu isiyo na jina kubwa

Hii ndiyo naiweka juu, na najua wengi watashangaa. Iko kwenye meza nyingi za Mwanga na Ujiji, mara nyingi chini ya rundo, kwa sababu ukingo wake hauna jina la kujivunia. Nyingi imetoka China. Msiidharau kwa hilo: China wanatengeneza kitambaa kibovu na wanatengeneza kizuri, inategemea aliyeagiza alilipia kipi.

Kuitambua kunataka mikono. Kwanza kishike kitambaa na ukisugue kwa nguvu kati ya vidole, sehemu moja tu. Kitambaa chepesi hupakwa wanga mwingi kiwandani ili kionekane kizito. Ukisugua, wanga unalegea, unaona vumbi jeupe kwenye vidole na pale uliposugua pamekuwa laini kama leso. Hicho kikifuliwa kitabaki chandarua. Halafu kiinue kwenye mwanga wa jua, usikubali kukitazamia ndani ya kibanda. Nyuzi za pamba nzuri zimebanana. Huoni vidole vyako upande wa pili.

Kisha kigeuze. Wax ya kweli huchapwa kwa utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo nyuma na mbele vinakaribia kulingana. Ule utomvu hupasuka, rangi inapenya kwenye nyufa, na ndipo inapatikana ile mishipa myembamba mnayoiona kwenye maua. Mishipa hiyo haijirudii. Kunjua yadi mbili, tafuta ua lilelile mara mbili, linganisha. Kama mishipa imefanana mpaka ya mwisho, imechorwa na mashine, na hapo hakuna wax.

Mwisho ni moto. Juzi pale Mwanga dada mmoja alikuwa amekishikilia kitenge cha bluu, mama muuzaji anamwambia, "Chukua tu dada, hii Holland yenyewe." Yule dada akaomba kwa adabu achomoe nyuzi mbili pale kilipokatwa, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Wakawasha kibiriti. Wa kusimama uliungua kama karatasi, ukaacha jivu la kijivu linalopukutika. Wa kulala ulijikunja, ukanuka plastiki, ukabaki kidonge cheusi kigumu. Mama muuzaji alikaa kimya akikitazama kile kidonge. Naye alikuwa amekinunua kwa bei ya Holland kwa mtu wa jumla. Ndiyo maana nasisitiza nyuzi za pande zote mbili: wajanja huweka pamba upande mmoja na poliesta upande mwingine, na ukichoma mmoja tu unaweza kudanganyika. Na msiwagombeze wauzaji kabla hamjajua nani alianza kudanganya.

2. Holland halisi

Kwa ubora haina mpinzani. Rangi yake inadumu, kitambaa kinalainika bila kulegea. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei, maana pesa yake inanunua wax tatu za pamba ya kawaida au zaidi, na kwa sababu ya feki. Kama unaitaka kwa ajili ya mahari au zawadi ya mama, nunua kwenye duka lenye mlango na risiti, kwa mtu utakayemkuta kesho. Ukiambiwa Holland kwa bei ya kitenge cha kawaida, basi ni kitenge cha kawaida, au pungufu ya hapo.

Soma ukingo wote, herufi kwa herufi. Waigaji wengi hubadilisha herufi moja ya jina, na wengine hubandika tu karatasi yenye jina huku ukingo wenyewe ukiwa mtupu.

3. Khanga na vitenge vya viwanda vya nchini

Hapa nina uchungu wa aina nyingine. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968, na khanga zake zilifika mpaka huku kwa treni. Majirani zetu wa Igunga na Nzega wanalima pamba, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa bado pamba nyuzi, yaani imetolewa mbegu tu, kisha inaturudia kama nguo. Kwa hiyo ukikuta kitambaa cha pamba kilichotengenezwa nchini, kipe nafasi. Kwa khanga ya nyumbani na ya kubebea mtoto, mimi naichukua mbele ya Holland.

Kunjua doti nzima. Mji uwe katikati, pindo zilingane pande zote, na vipande viwili viwe na upana mmoja. Khanga nyingine siku hizi zimepunguzwa upana kidogo kidogo, na mtu mnene anaijua tofauti hiyo siku ya kujifunga. Lowesha kona ya leso nyeupe, sugua juu ya rangi nyekundu au nyeusi. Khanga mpya kuacha rangi kidogo ni kawaida. Leso ikitoka nyekundu kabisa, iache.

4. Kitenge cha kuchapwa upande mmoja, kwa sare

Kamati ya harusi inataka watu themanini wavae rangi moja na michango haijatimia. Sawa, nunueni. Hakikisheni tu ni pamba, maana jua la Kigoma saa nane mchana ndani ya poliesta ni mateso, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba hiyo ni nguo ya shughuli hiyo.

5. Poliesta yenye jina kubwa

Sioni sababu ya kuinunua. Inang'aa dukani na haikunjiki, ndiyo sifa zake zote. Jasho halipiti, pasi ya moto inaiyeyusha, na fundi anakutoza fedha ileile ya mshono ambayo angekutoza kwa pamba. Hapo ndipo watu wanapopoteza zaidi: umeokoa kidogo kwenye kitambaa, ukalipa mshono kamili kwa gauni litakalopauka au kuachia kwenye mishono kabla ya Pasaka nyingine.

Kabla ya kulipa, na kabla ya fundi

Uliza yadi, kisha pimeni mbele yako. Pisi ya yadi 6 ni karibu meta 5 na nusu. Pisi nyingi zinazokuja zimekunjwa na kufungwa nailoni zimepungukiwa, na mnunuzi hugundua kwa fundi, kilemba kikikosa kitambaa. Muuzaji akikataa kufungua nailoni, nenda meza nyingine. Mwanga meza hazijaisha.

Ukifika nyumbani, usikimbilie kwa fundi. Loweka kitenge usiku mmoja kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, kisha kipime tena. Pamba hupungua kidogo, na ni heri ipungue ikiwa bado kitambaa kuliko ikiwa gauni lililokaa vizuri kiunoni. Kama shughuli ni Jumamosi, kitenge kinunuliwe wiki mbili kabla, ili kikichuja kwenye beseni uwe bado na muda wa kukirudisha mezani kikiwa na risiti yake.