Buti za CV za Noah ya zamani: raba nzuri, klipu balaa

Mwenye Toyota Noah ya AZR60, ile ya 2001 hadi 2007, akiulizia buti ya CV, yaani mfuko wa raba unaofunika jointi ya shafti inayozungusha gurudumu na kutunza grisi yake, katika maduka ya spea ya Kisumu huwekewa mezani aina tatu: pakiti ya raba yenye klipu na grisi, buti laini ya kunyumbulika inayosemekana kuingia gari lolote, na ile iliyopasuliwa ubavuni ya kugundishwa kwa gluu. Chukua ya kwanza. Ila katika pakiti za bei nafuu raba ndiyo sehemu bora. Vinavyoharibu kazi ni vile viwili vilivyofungwa pamoja nayo.

Raba yenyewe haina maneno. Nenda dukani na buti kuukuu, ulinganishe mdomo mpana, mdomo mwembamba na idadi ya mikunjo, kisha ikunje kwa nguvu uone kama kuna nyufa kwenye mabonde. Buti ya ndani, upande wa gia boksi, iangalie zaidi, maana magari mengi yana jointi isiyo duara kamili na mdomo wa buti lazima ufuate umbo lake.

Klipu za pakiti hizi ni vibati vyembamba vinavyolegea upesi. Shafti ikizunguka hurusha grisi nje, na mdomo uliolegea kidogo tu unatosha kuitoa. Utaiona imetapakaa nyeusi kwenye rimu kwa ndani. Grisi ikitoka, vumbi la murram na tope jeusi la Kano huingia mahali pake, na jointi huanza kujisaga yenyewe. Nunua klipu za chuma kisichoshika kutu, zenye sikio la kubana, na fundi awe na koleo lake. Waya, blada ya tyubu na kamba za plastiki ni za kukufikisha gereji tu.

Grisi ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Jointi ya nje, upande wa gurudumu, inataka grisi nyeusi yenye molibdenamu, kwa kuwa gololi zake huteleza na kubanwa kwa wakati mmoja. Ile ya kawaida ya beringi za magurudumu haikuundwa kwa kazi hiyo. Gari la ukubwa huu hutaka takriban gramu 100 hadi 140 kwa jointi ya nje, na ya ndani huomba zaidi. Kifuko cha pakiti kikiwa chepesi, ongeza nyingine ya aina hiyo hiyo. Sehemu moja isukumwe ndani ya jointi hadi ipenye kati ya gololi, iliyobaki iwekwe ndani ya buti. Usichanganye na grisi ya zamani: osha jointi kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, kisha tazama kama gololi au njia zake zina vishimo.

Hapo ndipo fundi anapojulikana. Toyota nyingi, jointi ya nje haikukusudiwa kutolewa kwenye shafti. Buti ya nje huingizwa kutoka upande wa ndani, baada ya kufungua jointi ya ndani, yenye vigurudumu vitatu. Anayeigonga ya nje kwa nyundo ili amalize haraka, mwondolee gari lako. Kabla ya kufungua, alama zipigwe kwa rangi, si kwa patasi, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Kabla ya kubana klipu ya mwisho, mdomo mwembamba uinuliwe kwa bisibisi ndogo ili hewa itoke. Buti iliyofungwa ikiwa imevimba au imejipinda huchanika mapema. Nati ya habu (kitovu cha gurudumu) iwe mpya, ikazwe kwa spana ya kupima, zaidi ya 200 Nm (newton-mita) kwa kawaida, halafu ukingo wake ugongwe ili isilegee. Shafti ikichomolewa gia boksi, mafuta humwagika. Noah zenye gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, hujazwa mafuta ya CVT pekee; ya gia otomatiki ya kawaida hayafai.

Buti ya kunyumbulika inaokoa saa kadhaa, kwa kuwa hupitishwa juu ya jointi kwa koni, bila kuvunja upande wa ndani. Ina maana kama fundi ana koni hiyo na buti ni imara. Ile ya gluu ni hasara: mabaki ya grisi kwenye mshono yanatosha kuuachisha, na chini ya gari kuukuu mshono mkavu haupatikani kirahisi.

Kama gari tayari linatoa ka-ka-ka ukikata kona ukiwa umegeuza stelingi hadi mwisho, buti mpya haitaponya chochote. Jointi ya nje imekwisha. Mtetemo wakati wa kuongeza kasi mara nyingi hutoka jointi ya ndani. Shafti ya mtumba kutoka Japani inafaa, lakini kulia na kushoto hazilingani urefu, na kama gari lina ABS (breki zisizofunga magurudumu), hesabu meno ya pete ya ABS iliyo kwenye shafti kabla ya kulipa.