Nimefika Casa do Cinema Manoel de Oliveira kule Porto, nendeni ila msiende na haraka

Mwezi uliopita nlikuwa Ureno kumsalimia mdogo wangu anayesoma Porto, na kitu ambacho mpaka leo hakijanitoka kichwani sio yale madaraja yao wala mto Douro, ni nyumba moja ya sinema iliyoko ndani ya bustani ya Serralves. Mimi kazi yangu ni kuediti video, harusi, semina, matangazo, kwahiyo nlienda kama mtu wa fani na nimetoka pale nimebadilika kabisa jinsi ninavyokata picha.

Kufika ni rahisi, unashuka metro kituo cha Casa da Música alafu unaishika Avenida da Boavista kwa miguu, kama nusu saa hivi, sisi mvua ilitukuta njiani tukafika tumelowa chapachapa. Ndani ya bustani kuna jumba la rangi ya pinki la miaka ya 1930 la tajiri mmoja wa zamani, na hii nyumba ya sinema ilikuwa gereji ya hilo jumba, msanifu Álvaro Siza akaigeuza ikafunguliwa 2019. Na imempata mwenyewe aisee, maana huyu mzee Oliveira ujana wake alikuwa dereva wa magari ya mashindano.

Kwa wasiomjua, Manoel de Oliveira alizaliwa hapohapo Porto Desemba 1908, akafariki Aprili 2015 akiwa na miaka 106. Alianza enzi za muvi zisizo na sauti, filamu yake ya kwanza ilikuwa fupi tu kuhusu wachukuzi na mabaharia wa mto Douro, ilitoka 1931, na 1933 akaigiza kwenye A Canção de Lisboa, moja ya muvi za mwanzo kabisa za Ureno zenye sauti. 1942 akatoa Aniki-Bóbó, watoto wa mitaa ya Ribeira kando ya mto, kijana anaiba mwanasesere dukani ampe binti anayempenda, basi. Leo Wareno wanaipenda kama mboni ya jicho lakini wakati ule haikupokelewa vizuri, na muvi nyingine ndefu hakutoa mpaka 1963. Hesabu hiyo miaka. Alikuwa anaendesha mambo ya familia, kiwanda, mashamba ya zabibu, na serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, nayo haikuwa inampa mtu kama yeye nafasi. Mimi ukinipa mwaka mmoja bila kazi naanza kutafuta mnunuzi wa kamera, sijui yeye alilala vipi usiku.

Kazi zake nyingi kazifanya baada ya miaka 70! Kuanzia 1990 ikawa karibu kila mwaka muvi moja, tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa wakampa Palme d'Or ya heshima, ndo tuzo yao kubwa, 2008, na filamu ndefu ya mwisho katoa 2012 ana miaka 103. Pale kwenye maonyesho unapita kwenye vipande vya hizo filamu, unaona karatasi zake na picha, unaanza kuelewa kwamba huyu hakuwa mzee anayebebwa, alikuwa kazini.

Sasa niseme ukweli kuhusu muvi zenyewe. Watu wanaongea. Kamera imetulia, mtu anaongea, anamaliza, mwenzake anajibu. Ukizoea muvi za kukimbizana utachoka mapema, na usianze na ile Le Soulier de satin ya 1985 maana ni karibu saa 7. Anza na Aniki-Bóbó alafu nenda Um Filme Falado ya 2003, mwalimu wa historia na bintiye mdogo wako kwenye meli kutoka Lisbon kwenda kumkuta baba Bombay, India, wanapita Ugiriki, Misri, mpaka Aden. Kuna meza moja humo, kapteni ni John Malkovich, na kina mama watatu, Mfaransa, Mtaliano na Mgiriki, kila mtu anaongea lugha yake na wote wanaelewana, na ile sehemu ni ndefu kweli. Nlipoiangalia mara ya kwanza kidole kilikuwa kinawasha, ningekata nusu. Mara ya pili nikasema hapana, hii ni baraza, barazani nani anamkata mtu maneno?

Alafu 2014, ana miaka 105, akatoa kifilamu kifupi O Velho do Restelo, waandishi wa zamani wamekaa kwenye benchi bustanini wanazungumza. Hilo jina linatoka kwenye utenzi wa Camões, mshairi wa Kireno wa zamani, ni mzee aliyesimama ufukweni Lisbon akizilaani meli za Vasco da Gama zinapoondoka. Ndo meli hizohizo zilizofika Mombasa na Malindi 1498. Yani mtu anamaliza maisha yake bado anauliza zile safari zilikuwa za nini.

Ila kwa mtu wa kwetu muvi ni moja, Non, ou a Vã Glória de Mandar, 1990. Askari wa Kireno wako kwenye lori porini Afrika mwaka 1974, na luteni wao anawasimulia vita ambavyo Ureno ilishindwa, sio ilivyoshinda, mpaka kile kipigo cha Alcácer Quibir 1578 kule Moroko. Na askari wanaulizana tunafanya nini huku. Luteni anakufa siku ya tarehe 25 Aprili, siku ileile serikali yao inapinduliwa Lisbon.

Sisi nyumbani ni Mtwara. Mama yangu alikuwa binti mdogo wakati wakimbizi wa Msumbiji wanavuka Ruvuma kukimbia vita vya Wareno, kwao walikaa na familia moja kutoka ng'ambo zaidi ya mwaka, wakigawana mihogo. Nlirudi na DVD ya Non yenye sabtaito za Kiingereza, nikamwekea sebuleni huku namtafsiria moja moja. Nlidhani atasinzia. Alikaa kimya muda mrefu kisha akasema, kumbe na wao walikuwa wanaulizana. Alafu akaniambia, baba, rudisha nyuma kidogo pale kwenye lori, yule wa pembeni alisema nini?