Masomo tisa ya kupanda farasi Bagamoyo: uzoefu wangu

Tangu majirani waone buti zangu zimeanikwa barazani, naulizwa kila siku: mtu mzima anaweza kuanza kujifunza kupanda farasi? Anaweza. Nakaa Dunda, nina miaka 43, na sikuwahi kufuga hata punda. Nimemaliza masomo tisa na naendelea.

Nianze na mara ile ya kwanza kabisa, ambayo haikuwa somo. Ilikuwa sikukuu ya Idi, ufukweni, kijana mmoja akipandisha watu kwa dakika tano tano. Sikupewa kofia wala maelekezo. Niliposhuka tandiko likateleza kidogo, nikaona kidonda kibichi mgongoni, inzi wakitua. Nilikuwa nimekikalia. Sikulala vizuri usiku ule.

Ndiyo maana nilipopata habari za mahali pengine, upande wa Kaole, sikuuliza bei kwanza. Niliomba kuona migongo ya farasi. Mzee anayewatunza, ambaye sote tunamwita Babu, akatandua mmoja baada ya mwingine bila kununa, akanishika mkono akaupitisha uti wa mgongo hadi kiunoni. Manyoya yamelala, hakuna uvimbe, hakuna donda. "Ukimgusa hapa akajikunja, mwanangu, usimpande," akaniambia. Wewe pia fanya hivyo popote utakapokwenda, na wakikukatalia ondoka. Bei ninayolipa ni shilingi 60,000 kwa dakika 45, kofia ngumu ikiwemo. Si ndogo, na mimi nimejibana ili niipate.

Usitegemee kupanda mara tu unapofika. Dakika 20 za somo langu la kwanza zilikwisha nikiwa nimesimama chini. Farasi ana macho ubavuni, anaona karibu pande zote, isipokuwa palipo mbele kabisa ya kipaji chake na nyuma ya mkia. Kwa hiyo unamwendea ubavuni kwa begani, huku unamsemesha. Wangu ni jike wa rangi ya kahawia iliyokoza, anaitwa Karafuu. Nilimpiga brashi, kisha Babu akanifundisha kuinua kwato: unashusha mkono taratibu kwenye mguu, unabana kidogo juu ya kifundo, naye anakupa mguu mwenyewe. Unachokonoa mchanga na vijiwe, ukikwepa ile sehemu laini ya katikati yenye umbo la pembetatu. Mnyama mwenye kilo zaidi ya 400 amekuachia mguu wake mkononi! Nilitamani lile jambo lisiishe.

Mkanda wa tumbo hukazwa mara mbili. Farasi wengine hujaza tumbo pumzi wakati wa kufungwa, wakishatembea kidogo mkanda unalegea, na tandiko lililolegea ndilo linaloangusha watu.

Kupanda ni upande wa kushoto, na somo la kwanza lote mwalimu alishika kamba ndefu, Karafuu akizunguka kwa mwendo wa kutembea. Mimi nilikuwa nang'ang'ania hatamu kama kamba ya jahazi kwenye kusi. Mwalimu akaniambia niziachie, nikae wima, visigino chini, halafu nitoe pumzi yote polepole na kuzama kwenye tandiko. Karafuu akasimama. Sikuvuta kitu. Babu akasema kutoka kivulini, "Hasikii mdomo wako huyo, anasikia kiuno chako."

Kazi yenyewe inaanza kwenye matiti, ule mwendo wa mbio ndogo. Mimi niliuanza somo la tatu. Miguu ya farasi inapiga mipigo miwili, nawe unatakiwa uinuke kwa mmoja na ukae kwa mwingine. Masomo mawili mazima nilikuwa nadundwa tu. Kilichonifungua ni kukumbuka kutwanga kwa zamu na dada yangu kwenye kinu kimoja: mchi wake unaposhuka, wangu unapanda, na ukihesabu kwa kichwa mnagongana. Nikaacha kuhesabu, nikakaa sawa. Kesho yake mapaja ya ndani yatauma hadi kushuka ngazi kuwe shida. Kwangu maumivu hayo yaliisha baada ya wiki tatu hivi.

Vaa suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya mapaja, na kiatu chenye kisigino kifupi, ili mguu usipenye ukanasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Dada zangu tunaojifunika: chini ya kofia ngumu navaa kofia nyembamba ya kubana, bila pini hata moja, na ushungi mrefu nauacha bandani.

Masomo huanza saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jioni hawafundishi, na sababu yao nimeikubali: machweo ndipo visubi wanapotoka, wale wadudu wadogo wanaoeneza kirusi cha ugonjwa wa farasi wa Afrika, kwa hiyo farasi huingizwa bandani mapema. Pwani hii haijawahi kuwa rahisi kwa farasi. Stanley, yule msafiri aliyekwenda bara kumtafuta Livingstone, alipoondoka hapa Bagamoyo Machi 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa safari ikiwa bado mbichi.

Nina malalamiko mawili, na nimewaeleza wenyewe. Wakati wa masika nililipa bodaboda hadi bandani nikakuta uwanja ni tope na somo limeahirishwa. Kuahirisha kulikuwa sawa, lakini simu ingepigwa alfajiri. Somo langu walinifidia. La pili ni Jumamosi: wanafunzi ni wengi, na Karafuu anazungushwa mno. Mimi nimehamia Jumanne.

Ufukweni nilipelekwa somo la nane, na hapo hawabahatishi. Saa ya kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo zipo asubuhi chache tu ambazo mchanga mgumu uko wazi, kisha unasubiri wiki mbili. Siku ile maji yalikuwa yamekwenda mbali, kinamama wakitanda uduvi. Upepo ukapeperusha tanga la ngalawa iliyokwama mchangani, Karafuu akasimamisha masikio, mgongo ukakaza chini yangu. Nikatoa pumzi, nikazama kwenye tandiko. Sikio moja likageuka nyuma, kwangu, likakaa hapo. Kisha tukaendelea kutembea.