GTX 1060, RTX 3060 na RTX 4060, nimezipachika zote kwenye mashine moja

Mi kazi yangu ni video za harusi, sendofu na kichen pati, usiku nikimaliza nacheza gemu, kwa hiyo kadi ya grafiksi kwangu ni kama cherehani kwa fundi nguo, ikigoma siku hiyo sijaingiza kitu. Miaka yote hii nilikuwa na GTX 1060 ya 6GB, niliichukua Kariakoo ikiwa mtumba, na lazima niiseme vizuri kabla sijaenda mbele maana imenilisha. Ilitoka Julai 2016, ina kore za CUDA (vichakataji vidogo vya ndani ya kadi) 1280, memori ya GDDR5, njia ya memori (upana wa barabara ya data kati ya chipu na memori) biti 192, inapitisha GB 192 kwa sekunde, na yote hayo inafanya kwa wati 120 na waya mmoja wa pini 6. Kwa gemu za 1080p za enzi zake ilikuwa haina shida kabisa.

Ilianza kunishinda nilipohamia video za 4K, zenye picha kubwa mara nne ya 1080p. Bibi harusi anaingia ukumbini, taa za ukumbi hafifu, picha ina chenga, naweka rangi, naweka ya kuondoa chenga, nikiongeza klipu ya pili juu yake tu programu inasimama inaniambia memori ya GPU, yaani ya kadi, imejaa. Ikawa naondoa chenga klipu moja moja, narenda, narudisha kwenye timelain, kazi ya jioni moja inakula siku mbili na mwenye harusi anapiga simu. Alafu Oktoba 2025 Nvidia wakasitisha draiva za gemu kwa familia yote ya GTX 10, na 1060 imo humo, zimebaki za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Nikasema hapa sasa nibadilishe.

Ukimuuliza mtu yeyote dukani atakwambia chukua mpya zaidi, na RTX 4060 ni ya Juni 2023 wakati RTX 3060 ni ya Februari 2021, sasa si jibu liko wazi? Bahati nzuri jamaa yangu tunayepiga naye kazi ana 4060, akaniazima wiki nzima, nikaipachika kwenye mashine yangu, na baada ya hiyo wiki nikaenda kununua 3060 ya 12GB. Hiyo ndo hukumu yangu, sababu ni hizi.

4060 ina memori 8GB na njia yake ni biti 128, imebanwa kuliko hata 1060 yangu ya 2016. Hesabu yake ni rahisi, chukua biti zidisha na spidi ya memori gawanya kwa nane. Kwa 4060 ni 128 mara 17 gawanya kwa 8, unapata GB 272 kwa sekunde. Kwa 3060 ya 12GB ni 192 mara 15 gawanya kwa 8, GB 360. Yaani kadi mpya inapitisha kidogo kuliko ya zamani! Nvidia walifidia kwa kuiwekea keshi (memori ndogo ya haraka) kubwa ndani ya chipu, MB 24 wakati 3060 ina 3 tu, na kwenye gemu za 1080p inafanya kazi kweli, sibishi, 4060 inaiacha 3060 kidogo huku inakula wati 115 dhidi ya 170. Ina pia DLSS 3 ya kutengeneza fremu za ziada kwenye gemu ambayo 3060 haina, na inarekodi AV1, aina mpya ya kubana video. Kama una madabodi mpya na kazi yako ni gemu tu chukua 4060, chumba hakitachemka na LUKU itakushukuru.

Ila mashine yangu ina prosesa ya kizazi cha nane cha Intel, PCIe 3.0 (PCIe ni ile njia inayounganisha kadi na madabodi), na hapa ndipo penyewe. Nilifungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, nikaangalia ule mstari wa njia ya PCIe, imeandika x8 4.0 (uwezo wa kadi) alafu mbele yake x8 1.1 (spidi ya muda huo), moyo ukanipasuka nikajua slot imekufa, kumbe kadi ikipumzika inashusha spidi kupunguza umeme, ukibonyeza kile kialama cha kuuliza pembeni ikaanza kufanya kazi inapanda yenyewe. Ikapanda mpaka x8 3.0 ikaishia hapo. Hiyo x8 ina maana 4060 inatumia leni nane tu kati ya kumi na sita, na kwenye PCIe 3.0 leni nane ni kama GB 8 kwa sekunde, nusu ya inayopata 3060 yenye leni zote 16. Memori ya kadi ikiwa haijajaa huoni tofauti. Ikijaa, data inamwagika kwenye RAM ya kompyuta na inapita kwenye hicho kichochoro, na timelain yangu ya 4K inajaza 8GB bila huruma, picha inaanza kukatakata palepale bibi harusi anapoanza kucheza. Kwenye 3060 timelain ileile imeenda mpaka mwisho na memori imebaki.

Kero ya 3060 ni umeme. Powasapulai yangu ya wati 450 ilibidi niitoe niweke ya 550, kwa hiyo hiyo gharama ihesabu mapema, na kesini niliongeza feni moja maana joto la Dar unalijua.

Sasa kitu kinachoniuma ni majina. Kuna RTX 3060 nyingine ilitoka 2022 ina 8GB na biti 128, GB 240 tu kwa sekunde, boksi limeandikwa RTX 3060 vilevile. Hata 1060 walifanya hivyohivyo, ile ya 3GB ina kore 1152 siyo 1280. Na kore zenyewe usilinganishe kizazi na kizazi, GTX 1080 Ti ina 3584 na 3060 ina 3584, ila hazihesabiwi sawa wala hazifanyi kazi sawa.

Mdogo wangu aliingia mkenge mwaka jana, akauziwa RX 580 ya 8GB, hiyo ni kadi ya AMD, kufika nyumbani tukafungua GPU-Z inaonesha shedaz (kore za kadi) 2048 wakati RX 580 kamili ina 2304. Hiyo ni ile ya 2048SP ya soko la China, ndani ni RX 570 tu. Muuzaji alikuwa anajua, maana stika yenyewe ilikuwa imebanduliwa, gundi bado inanata kidoleni. Tulirudi kesho yake tukabishana karibu saa nzima ndo hela ikarudi. Tangu siku hiyo natembea na flashi yenye GPU-Z, kadi sitoi hela mpaka ipachikwe pale kaunta nisome shedaz, biti na memori kwa macho yangu.

1060 yangu nimeifuta vumbi, nimebadilisha pesti ya kupitisha joto, nimempa huyo mdogo wangu. Feni bado zinazunguka kimya.