Tamponi au kikombe cha hedhi kwa anayeanza

Msichana wa Moshi aliyezoea pedi na sasa anataka kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka akiwa katika siku zake anaweza kuchagua tamponi (kipande cha pamba kinachoingizwa ukeni ili kunyonya damu) au kikombe cha hedhi (kikombe laini kinachokunjwa na kuingizwa ukeni ili kukinga damu). Kwa mara ya kwanza napendelea tamponi, tena ile ndogo kabisa, kwa kuwa ni nyembamba na haihitaji kukunjwa. Nawa mikono, weka mguu mmoja juu ya stuli, vuta pumzi taratibu ili misuli ilegee, kisha isukume ukiielekeza upande wa kiuno kwa nyuma, si juu moja kwa moja, na uzi wake ubaki nje. Ikikaa sawasawa hutaihisi. Ikikusumbua, mara nyingi haijafika ndani vya kutosha, au umeiweka siku ambayo damu ni chache na uke ni mkavu. Ibadilishe kila baada ya saa 4 hadi 8, isizidi hapo, kwa sababu sumu ya bakteria, ijapokuwa ni nadra, ni hatari kwa maisha.

Kikombe cha silikoni hukaa hadi saa 12 na hudumu miaka kadhaa, nafuu kubwa kwa familia ambayo pesa ya pedi ni mzigo kila mwezi. Hata hivyo ni kipana zaidi, na wakati wa kukitoa ni lazima ubonyeze kitako chake kwanza ili hewa iingie. Aidha, huchemshwa baada ya kila hedhi, jambo gumu kwa anayeishi bwenini bila jiko wala faragha.