Honda Fit au BMW 3 Series Touring: nimeendesha zote mbili, nimechukua Fit

Jibu naliweka juu kabisa ili mtu asihangaike kulitafuta chini: nimechukua Fit. Ile ya kizazi cha tatu iliyoanza kutoka 2013, injini 1.3 ya petroli, siyo haibridi (ile ya petroli na umeme). Iliyokuwa inagombania nafasi nayo ni BMW 3 Series Touring, yaani stesheni wagoni, ile yenye buti refu lililoungana na kabini, kizazi kinachoitwa F31 cha 2012 mpaka 2019, na kwa kweli ukiniwekea funguo zote mbili mezani uniambie leo tuna safari ndefu nachukua wa BMW bila kusita. Ila kuendesha ni kitu kimoja na kuimiliki ni habari nyingine kabisa.

Mimi na mke wangu tuna watoto wawili, gari ya zamani tulishauza, na tulipoanza kutafuta tukakuta hela ile ile inapata Fit ambayo bado mbichi au stesheni wagoni ya hadhi ambayo imeshakula kilometa za kutosha. Hapa ndo watu wengi wanapochanganyikiwa maana kwenye tangazo zinaonekana bei moja. Sio bei moja jamani. Gari ya hadhi ikizeeka bei ya kuinunua inashuka, bei ya spea zake haishuki, sensa ya gari iliyozeeka inauzwa sawa na sensa ya gari iliyotoka juzi, kwa hiyo unanunua kwa hela ya gari ndogo afu unatunza kwa hela ya gari kubwa miaka yote utakayokaa nayo. Sisi hili ndo lilituamulia.

Sasa buti, maana ndo sababu ya mtu kutaka stesheni wagoni. Kwenye karatasi BMW ina lita 495 siti zikiwa zimesimama, Fit kwa toleo la Ulaya ni 354. Ukisoma hizo namba unaweza kusema mashindano yameisha, mi nashauri usiishie kwenye namba, beba vitu vyako mwenyewe ukajaribu. Sisi tulienda na baiskeli ya mtoto na kigari cha kusukumia mdogo wake. Fit tenki la mafuta liko chini ya siti za mbele, Honda waliliweka hapo tangu Fit ya kwanza ya 2001, kwa hiyo chini ya siti ya nyuma hamna kitu, kalio la siti unalinyanyua linasimama wima lenyewe kama kiti cha sinema. Nikanyanyua upande mmoja, nikaingiza baiskeli kupitia mlango wa nyuma wa pembeni ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, usukani wake ukabaki mbali na dari, mlango ukafunga, na mtoto mwingine akakaa siti iliyobaki. Kwenye BMW baiskeli hiyo hiyo ilibidi tuilaze na kushusha siti. Yaani kitu kirefu kwenda juu, mfano mti kwenye chungu, Fit inashinda gari inayoizidi urefu zaidi ya nusu mita!

Ila kitu kirefu kwenda mbele, BMW haina mpinzani hapo. Siti za nyuma zimegawanywa vipande vitatu, 40:20:40, unalaza kile cha katikati peke yake unapitisha ngazi au bomba huku watoto wamekaa kila mmoja upande wake. Ukilaza zote unapata lita 1,500. Afu kuna kitu nilikipenda sana, kioo cha nyuma kinafunguka peke yake bila kufungua mlango mzima, unabonyeza kitufe kinanyanyuka, unatumbukiza begi juu ya mzigo na hakuna kitu kinachokudondokea miguuni. Ukipaki umegeuzia ukuta mgongo kile kioo ni msaada mkubwa.

Na hii Touring ina historia nzuri, niiseme tu hata kama haikusaidii kununua. Max Reisböck, alikuwa mfanyakazi wa BMW, miaka ya 80 familia yake ikawa haitoshi na mizigo kwenye 3 Series ya kawaida, akanunua moja iliyopata ajali, akaingia kwenye gereji ya rafiki yake akaikata nyuma akaitengenezea bodi ya kubebea mzigo. Wakubwa kazini walipoiona wakaikubali, na kiwanda kikaitambulisha Touring ya kwanza ya 3 Series mwaka 1987. Mi naona hata leo unahisi hilo, hii gari ilibuniwa na mtu mwenye watoto.

Kuendesha sitaki kuwachosha. BMW ni tulivu, kwenye spidi kubwa unaongea na mtu wa nyuma bila kupaza sauti, ukitaka kuovateki ile tabo inayoongezea injini nguvu inakuvuta mara moja, kona inaingia bila kuyumba. Fit ina kelele za matairi, siti zake ni nyepesi, na ukiwa umejaza watu na mizigo kwenye mlima ile CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, inapandisha mlio wa injini juu na kuuacha hapo hapo mpaka ufike kileleni, ambaye hajazoea anadhani kuna kitu kimeharibika. Kwenye matuta nayo Fit inarusha kidogo. Lakini mjini, kupaki, kugeuza kwenye njia nyembamba, mke wangu aliiendesha mara moja tu akasema hii ndo yangu. Halafu siti ya katikati nyuma, kwenye BMW kuna mgongo mkubwa sakafuni kwa sababu nguvu inaenda magurudumu ya nyuma na shafti inapita katikati, anayekaa pale miguu anapanua. Kwenye Fit sakafu iko karibu sawa.

Tukarudi kwa fundi wetu tunayemwamini, anafanya gari za aina zote mbili, nikamwambia tuambie bila kutuficha. Akasema kaka hii BMW ni gari nzuri na mimi mwenyewe naipenda, ila uje na hela ya gari afu na hela ya pili ikae pembeni. Akatuonyesha kwa vitendo. Betri ya BMW iko nyuma kwenye buti, ukiweka mpya lazima uisajili kwenye kompyuta ya gari kwa mashine, la sivyo gari inaendelea kuichaji kama ile ya zamani. Betri tu hiyo! Giaboksi yake ni ZF ya spidi 8, giaboksi nzuri kweli, na utaambiwa oili yake haibadilishwi maisha, lakini ZF wenyewe, kampuni inayoitengeneza, wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000, na filta yake imejengwa ndani ya sampo ya plastiki, lile bakuli la oili la chini, kwa hiyo unanunua sampo nzima. Matairi mengi yalikuja ya ranflati, yale yanayoweza kutembea kidogo hata yakitoboka, na tairi la spea hamna. Kila kimoja peke yake kinavumilika, tatizo gari ya umri huo vinakuja vikifuatana.

Fit injini yake haina tabo, inatumia cheni ya taimingi siyo mkanda, uzito wote ni kama tani moja kwa hiyo hata breki na matairi haviishi haraka. Spea zake zinapatikana na fundi yeyote anaijua.

Kama na wewe unaelekea kwenye Fit, cha kuangalia sana ni oili ya CVT. Kizazi hiki kinatumia HCF-2, oili ya CVT ya Honda wenyewe, usikubali mtu akuwekee oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida eti zote ni sawa. Na jua kwamba haibridi ya kizazi hiki haina CVT, ina giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili, ni mashine tofauti kabisa na matunzo yake tofauti, usichukue ushauri wa hii ukaupeleka kule. Washa injini ikiwa ya baridi, weka D uachie breki taratibu, ikitetemeka au kuvuta kwa kushtuka shtuka, ondoka.

Na anayeitaka ile BMW kwa moyo wote, safari zake ni ndefu na ana fundi mwenye mashine ya kuisoma, simkatazi hata kidogo. Adai tu karatasi za oili ya giaboksi kabla ya kutoa hela, na muuzaji akisema haibadilishwi maisha, gharama ya hiyo kazi aitoe kwenye bei.